Aliposema "aisi" nikadhani anataka barafu

Hii stori nimeikalia muda mrefu kwa sababu ya aibu ila leo acha niitoe tu. Nilikua nimeangalia NBA, ligi ya basketi ya Marekani, miaka na miaka, najua nani kachukua ubingwa mwaka gani, nani kahamia wapi, nabishana na watu mpaka sauti inakauka, alafu siku moja rafiki yangu anayechezea timu ya maana kidogo akaniambia njoo mazoezini, tumepungukiwa mtu mmoja. Nikaenda kifua mbele. Nikapewa nimkabe pointigadi wao, yani yule anayeongoza mpira, kijana mwembamba hivi hana hata haraka, anadunda mpira pembeni kama mtu aliyeko kwenye foleni. Nyuma yangu senta wetu, mrefu kama mlingoti, akaanza kupiga kelele: "Aisi! Aisi! Aisi!" Mi kichwani kwangu aisi ni barafu, na barafu maana yake mtu kaumia. Nikageuka kumwangalia kama kateguka mguu au vipi. Kijana akapita katikati kama mlango umeachwa wazi, na nilivyozinduka nimfukuze nikakutana na kifua cha mtu mwingine kimesimama tuli, mbavu zikalia, pumzi ikatoka yote. Kikapu.

Senta akaja akaniinua. "Kaka, nimesema aisi," akasema kwa upole, na ule upole ndo ulioniuma kuliko mbavu.

"Aisi ndo nini?"

Hakucheka, namshukuru mpaka leo. Wakati wa kupumzika akachukua chupa za maji nne na vifuniko vyake akazipanga chini kwenye sakafu, akanionyesha. Dakika kumi hivi. Na kusema ukweli zile dakika kumi zilinifunza kuliko miaka yote ya kuangalia, kwa sababu nilikua naangalia mpira tu, unakoenda mpira na macho yangu yanaenda, wakati watangazaji wanasema dropu, swichi, hama, honzi, mi natikisa kichwa kama nimeelewa. Sikua nimeelewa kitu.

Sasa haya maneno yako mengi, ukiyatafuta yote yamepangwa kwa alfabeti utachoka kabla hujafika herufi ya tatu. Mi yalinikaa kichwani pale nilipoona kwamba ni kama ugomvi wa watu wawili, mmoja anasema hiki mwingine anamjibu, yule anajibu jibu, na kila jibu limepewa jina. Ukijua neno la kwanza la ugomvi, mengine yanakuja yenyewe.

Neno la kwanza ni skrini. Mchezaji asiye na mpira anaenda kusimama kwenye njia ya mlinzi, anakua ukuta, basi. Lakini lazima awe ametulia. Mlinzi akimgonga wakati bado anasogea, au kachomoa nyonga au kapanua miguu kuliko mabega yake, hiyo fauli ya kwake. Na kama anamwekea mtu aliyesimama na hamuoni, yani kwa mgongoni, sheria za FIBA, shirikisho la basketi la dunia, zinasema amwachie nafasi ya hatua moja ya kawaida. Kwa hiyo yule aliyenivunja mbavu siku ile hakufanya kosa lolote, nilimgonga mimi, yeye alikua kasimama kwake.

Ukiweka skrini kwa mlinzi wa mtu mwenye mpira, alafu ukageuka ukakimbilia kikapuni kuomba pasi, hiyo ndo piki endi roli. Mama wa yote. John Stockton na Karl Malone waliucheza pale Utah Jazz kwa misimu 18, kila mtu uwanjani anajua kinachokuja na bado kinakuja. Stockton alimaliza na asisti, yani pasi zinazozaa kikapu, 15,806, rekodi ambayo haijaguswa, na Malone akamaliza na pointi 36,928. Ubingwa hawakupata, fainali za 1997 na 1998 zote walikutana na Michael Jordan, hiyo ni bahati mbaya ya kuzaliwa wakati mmoja na mtu fulani. Sasa badala ya kukimbilia kikapuni, aliyeweka skrini akirudi nyuma akasubiri pasi ashuti kwa mbali, inaitwa piki endi popu, na hapo jina la kulikumbuka ni Dirk Nowitzki, mtu wa futi saba anashuti akiegemea nyuma kwa mguu mmoja, Dallas wakachukua ubingwa 2011 kwa mtindo huo.

Ugomvi unaanza hapa. Skrini imewekwa, mlinzi wa mwenye mpira kakwama sekunde moja. Ile sekunde moja kuna watu wawili wanashambulia na mlinzi mmoja tu aliye huru, yani yule mrefu aliyekua anamkaba mweka skrini. Afanyeje? Majina yote ya ulinzi unayoyasikia kwenye matangazo ni majibu ya hilo swali moja.

Jibu la kwanza, arudi nyuma. Hiyo ndo dropu. Mrefu anashuka karibu na kikapu, anasema kimoyomoyo njoo, shuti la katikati nakupa, ila leiapu, lile shuti la karibu kabisa na kikapu, hupati, na tatu, yani shuti la mbali la pointi tatu, mwenzangu anakufukuzia kwa nyuma. Rudy Gobert amekua mlinzi bora wa mwaka wa NBA mara nne, na sehemu kubwa ya hiyo kazi ni dropu, unamuona kasimama tu na mikono yake mirefu na watu wanaghairi wenyewe. Ubaya wa dropu ni wawili. Kwanza kuna watu wanaoshuti tatu mpira ukiwa bado unadunda, watu kama Stephen Curry wa Golden State au Damian Lillard, ukimrudia nyuma umempa zawadi. Pili, na hii ndo inauma zaidi, inabidi yule mrefu awe na sababu ya kukaa pale chini. Mwaka 2021 Utah ndo walikua na rekodi bora ya msimu wa kawaida, wakakutana na Clippers raundi ya pili. Kawhi Leonard, staa wa Clippers, kaumia, watu wakasema kwisha. Clippers wakatoa senta kabisa wakaweka watu watano wote wanaoshuti, tano nje wanaita, na yule Gobert akawa anamkaba mtu aliyesimama kwenye kona. Chagua sasa, ukae kikapuni ulipozoea au umfuate kwenye kona? Gemu ya sita Utah waliongoza kwa pointi 25, alafu Terance Mann, ambaye kabla ya hapo wengi hawakumjua, akaanza kushuti kutoka pale pale alipoachwa, akafunga pointi 39, zikiwemo tatu saba. Utah nje. Watu mtandaoni wakamtukana Gobert wiki nzima na mi nilikua mmoja wao, naomba radhi. Sikujua kua wale walinzi wa mbele walikua wanapitwa kila mara, na mtu mmoja hawezi kuzima moto wa nyumba mbili.

Jibu la pili ni swichi, badilishaneni. Wewe chukua wangu mi nichukue wako. Ni rahisi kuelewa na inaua piki endi roli papo hapo kwa sababu ile sekunde ya mtu kua huru haipo tena. Bei yake ni kwamba sasa mrefu wenu mzito anamkaba kijana mwepesi huku mbele, na mfupi wenu anasukumwa na jitu chini ya kikapu. Ndo maana utaona timu inaweka skrini ambayo wala haina nia ya kufungua mtu, nia ni kuchagua nani amkabe staa wao, wanamwinda yule dhaifu mpaka wampate. Wakimpata wenzake wote wanahama upande, staa anabaki naye peke yake, hiyo ndo aiso. James Harden pale Houston aliifanya ikawa kama kazi ya ofisini. Na hao hao Houston msimu wa 2017-18 walishinda gemu 65 wakibadilishana karibu kila skrini, wakawabana Golden State mpaka gemu ya saba, alafu wakakosa tatu 27 mfululizo. Ishirini na saba! Walimaliza na 7 kati ya 44. Hapo mbinu haina kosa jamani, mpira ulikataa tu kuingia.

Jibu la tatu, mfuateni wawili. Blitsi. Mwenye mpira anajikuta watu wawili wamemvamia usoni, hana pa kuona. Mnaifanyia watu kama Curry, yani bora mpira uende kwa yeyote ila siyo huyu. Na jibu la hilo jibu ndo jambo ninalolipenda kuliko yote kwenye huu mchezo, linaitwa shoti roli, roli fupi. Aliyeweka skrini hakimbii mpaka kikapuni, anasimama njiani karibu na mstari wa mitupo huru, anapokea pasi juu ya vichwa vya wale wawili, na sasa hesabu: wawili wako nyuma yake, kwa hiyo mbele ni wanne dhidi ya watatu. Draymond Green kajenga jina lake hapo. Hana shuti la kutisha, siyo mrefu wa kutisha, lakini mpe mpira pale na sekunde mbili anakuambia mlinzi gani kakosea. Ukitaka kuelewa kwa nini mtu anayefunga pointi nane analipwa kama mfalme, usiangalie pointi, angalia hapo kwenye roli fupi.

Kuna pia heji, mrefu anatoka nje mara moja kumtisha mwenye mpira alafu anakimbia kurudi kwa mtu wake. Inahitaji mapafu, nisiichambue sana.

Na aisi! Aisi ni kwa piki endi roli ya pembeni. Mlinzi wa mwenye mpira anahama mapema, anasimama kati ya mwenye mpira na skrini yenyewe, karibu anampa mgongo mtu wa skrini, ili mwenye mpira asiweze kabisa kwenda katikati ya uwanja. Njia moja tu imebaki, ile ya kwenye mstari wa mwisho, na huko yule mrefu anamsubiri. Kwa nini katikati ni mwiko? Kwa sababu ukiwa katikati unaona pande mbili, unaweza kupasia kona zote, ila ukiwa umebanwa pembeni mstari wenyewe nao unakua mlinzi, haulali wala hauchoki. Tom Thibodeau anatajwa sana kwa huu ulinzi, tangu akiwa msaidizi Boston na baadaye kocha Chicago, na timu nyingi zikaiga.

Sasa rudia ile picha yangu. Senta anasema aisi kwa sababu yeye ndo anayeona. Mi macho yangu yako kwa mwenye mpira, skrini inakuja kwa mgongo, siioni. Kwenye basketi mlinzi wa nyuma ndo macho ya wa mbele, na ndo maana maneno yenyewe ni mafupi hivo, silabi moja mbili, kwa sababu huna muda wa kusema "ndugu yangu kuna mtu anakuja kukuwekea skrini upande wa kulia naomba usogee umzuie asiende kati." Ukifika "ndugu yangu" wameshafunga. Timu zingine wanatumia rangi, zingine namba, zingine majina ya wanyama, ili wapinzani wasielewe. Kwa hiyo ukisikia kocha anapiga kelele "buluu" usihangaike kutafuta maana kwenye mtandao, buluu ya kwao siyo buluu ya jirani.

Ngoja pia niseme kuhusu walinzi watatu waliobaki maana hao ndo wanaolaumiwa bure. Mtu anaroli kuelekea kikapuni, mlinzi wa kwenye kona ya mbali lazima aingie amguse amcheleweshe alafu akimbie kurudi kwa mtu wake. Kule kugusa ndo kunaitwa tegi, na mtu mwenyewe wanamwita wa chini. Mwingine anasimama kwenye msumari. Hii nilidhani ni mafumbo mpaka nikaambiwa kwamba kwenye viwanja vingi vya mbao pale katikati ya mstari wa mitupo huru kuna kitundu au msumari kweli, wajenzi wanaupigilia kwa ajili ya vipimo. Anayesimama pale anaweza kunyoosha mkono kumsumbua mwenye mpira bila kumwacha sana mtu wake. Tangu nijue hilo, kila gemu likianza naangalia sakafu kama mwendawazimu.

Sasa unaona tatu imeshutiwa kwenye kona, mlinzi kachelewa, wewe kwenye kochi unasema huyu mvivu. Hapana bwana. Huyo alikua chini anamgusa jitu la kilo 120, kazi ambayo haikua yake kabisa, kabla hajaanza kukimbia kurudi. Kosa labda ni la aliyekwama kwenye skrini mwanzo kabisa, sekunde tatu zilizopita, na kamera haikumwonyesha.

Huku kwenye ushambulizi majina ni vituko. Nahisi makocha wanapita nyumbani kwao wanaangalia vitu. Kuna zipu, mchezaji anapanda kutoka chini ya kikapu moja kwa moja mpaka juu kama unafunga koti. Kuna lifti, washambuliaji wawili wamesimama wakiwa na mwanya katikati, mshutaji anapita mbio kwenye ule mwanya na wao wanafunga milango kwenye uso wa mlinzi wake, Golden State wamefunga watu kwa hiyo lifti mpaka basi. Kuna honzi, yani pembe, za ng'ombe siyo za chumba, warefu wawili wanasimama kwenye viwiko, yani ncha mbili za mstari wa mitupo huru, wawili kwenye kona, mwenye mpira juu peke yake, na ukiangalia kutoka juu ni kichwa cha ng'ombe. Honzi siyo mchezo ni mkao, hapo wanaweza kutoka na michezo hamsini, kwa hiyo mtangazaji akisema wamekaa honzi hajakuambia chochote bado.

Nyundo ndo niliyoipenda, ile watangazaji wanaita hama kwa Kiingereza. San Antonio Spurs walikua mafundi wake. Mwenye mpira anapenya pembeni mpaka mstari wa mwisho, kwa macho ya kawaida kaharibu, kajibana mwenyewe. Walinzi wote wanageuza vichwa kumwangalia, ni asili ya binadamu, mpira ulipo macho yapo. Wakati huo huo upande wa pili, nyuma ya migongo yao, mrefu anamwekea skrini mlinzi wa mshutaji, na mshutaji anateleza taratibu kuelekea kona. Pasi inapita chini kabisa sambamba na mstari wa mwisho, ndefu, upande mpaka upande, inafika kwenye kona mtu yuko peke yake kama kakimbiwa. Ukiangalia mara ya kwanza utasema bahati. Ukirudisha vidio ukaangalia upande ule usio na mpira utaona mtego ulikua unatengenezwa sekunde mbili nzima.

Na ile ya Hispania, Spein piki endi roli, imepewa jina la timu ya taifa yao. Piki endi roli ya kawaida, ila mtu wa tatu anakuja kumwekea skrini yule mlinzi mrefu kwa mgongoni wakati anarudi nyuma, alafu huyo wa tatu anachomoka kwenda kushuti tatu. Kumbuka mrefu wa dropu anarudi kinyumenyume, haoni nyuma. Wamemchukulia ile silaha yake wakamgonga nayo. Unaona sasa ninaposema ugomvi?

Pembetatu ya Tex Winter, mtindo wa kushambulia, ile kocha Phil Jackson aliyochukulia ubingwa mara 11 Chicago na Lakers, mi siielewi vizuri mpaka leo na siwadanganyi. Najua watatu wanaunda pembetatu upande mmoja, wawili wanabaki upande wa pili, na hakuna mchezo uliopangwa, unasoma mlinzi kakaaje ndo unaamua. Najua pia ukiwa na Jordan au Shaquille O'Neal na Kobe Bryant pembe zote zinakua kali. Tuishie hapo.

Zoni watu wengi wanaifahamu kwa jina, unakaba eneo siyo mtu. Ila wachache wanajua kua NBA zoni ilikua haramu mpaka msimu wa 2001-02 ndo wakairuhusu, na walivyoiruhusu wakaleta na sheria ya sekunde tatu kwa mlinzi, yani huwezi kupiga kambi ndani ya lile eneo chini ya kikapu kama humkabi mtu wa karibu. FIBA hiyo sheria haipo. Ndo maana staa wa NBA akienda kuchezea timu ya taifa unaona anapenya alafu anakuta kule ndani kumejaa kama sokoni, anashangaa. Siyo kwamba kashuka kiwango, nyumba ni tofauti. Hata mstari wa tatu wa FIBA uko karibu zaidi, mita 6.75 pale juu dhidi ya 7.24 ya NBA, kwa hiyo walinzi hawalazimiki kutoka mbali sana, na wapenyaji wanakosa hewa.

Ndugu yake zoni anaitwa boksi na mmoja, wanne wanakaa zoni ya mraba na mmoja anamganda staa kama kupe. Ni mbinu ya mashuleni, wataalamu walikua wanaidharau, alafu fainali ya 2019 gemu ya pili Nick Nurse, kocha wa Toronto, akamfanyia Curry mwishoni, wenzake Klay Thompson kaumia, Kevin Durant hayupo, nani mwingine atashuti? Dakika zikapita Golden State hawafungi kitu. Ikafika sekunde za mwisho, wote macho kwa Curry, Andre Iguodala kaachwa wazi kabisa kama walivyopanga, akaishuti. Ikaingia. Golden State 109, Toronto 104. Lakini ubingwa Toronto walichukua, na mi bado naamini Nurse alikua sahihi, ukinilazimisha nichague nani ashuti kati ya Curry aliyekabwa na Iguodala aliye wazi, nachagua Iguodala kila siku ya maisha yangu.

Hapo ndo ugumu wa hii kitu, mbinu sahihi inaweza kukufia mkononi. Fainali ya 2013, gemu ya sita, Spurs wanaongoza Miami 95-92, sekunde zimebaki chache, wanahitaji tu kuzuia tatu moja. Kocha wao Gregg Popovich akamtoa Tim Duncan, mrefu wake mkuu, akaweka mtu mwepesi ili wabadilishane kila skrini asipatikane mshutaji hata mmoja aliye wazi. Inaeleweka kabisa! Na ilifanya kazi, LeBron James alishuti akakosa. Ila ribaundi, yani mpira unaorudi baada ya shuti kukosa, yule ambaye angeichukua kakaa benchi. Chris Bosh akaidaka, Ray Allen akarudi kinyumenyume mpaka kona bila kuangalia miguu yake, sekunde 5.2 zimebaki, 95-95. Miami wakashinda muda wa ziada 103-100 wakashinda na gemu ya saba. Nikiwa kijana nilisema Popovich kazeeka. Sasa hivi nikiiangalia naona mtu aliyechagua kuziba tundu kubwa, maji yakapita kwenye tundu dogo.

Ah nimerefusha. Namalizia na mazoezi maana nilirudi tena wiki iliyofuata, mbavu bado zina alama. Kijana yule yule, upande ule ule, anadunda na uvivu wake. Nyuma yangu sauti: "Aisi! Aisi!" Safari hii sikugeuka. Nikaruka kulia nikasimama juu kabisa, mgongo wangu karibu unagusa kifua cha mtu wa skrini, nikamfungia kati. Akanitazama, akatabasamu kidogo, akashuka na mstari wa mwisho kama ilivyotakiwa, senta kamsubiri chini mikono juu, mi nyuma namfukuza. Hana pa kwenda. Akasimama ghafla mita nne hivi kutoka kikapuni, akaruka, akashuti juu ya vidole vya senta, ikaingia bila hata kugusa chuma.

Nikajishika kiuno. Yani nimefanya kila kitu na bado.

Senta akanipita anakimbia kwenda kushambulia, akanipiga kofi la mgongoni. "Safi sana," akasema, "hiyo hiyo, mwache aipige hiyo siku nzima."

Akaikosa mara nne zilizofuata.